Nipe Mji: Kumpumzisha Mtoto na Maumivu Baada ya Upasuaji

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, ukaipita Mbagala na kisha Mkuranga, mikorosho na minazi hukusindikiza pande zote mbili hadi Kibiti. Kando ya barabara akina mama wamepanga mafungu ya matunda ya msimu, na kila basi linaposimama hukimbilia madirishani na masinia yao. Hii ni nchi ya Wandengereko na Warufiji, na ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji kabla Kibiti haijawa wilaya yenyewe. Upande wa mashariki ndiko iliko delta, mahali ambapo Mto Rufiji hugawanyika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, katikati ya msitu wa mikoko ambao hakuna mwingine wa ukubwa huo Afrika Mashariki.

Katika nchi hiyo ndipo ilipo Mchukwi, na hospitali yake ya misheni inayofahamika sana na wenyeji. Wagonjwa wa kule visiwani huanza safari kwa mtumbwi au mashua, tena kwa kungojea maji yajae, ndipo wapate gari bara. Wa kusini ya mto wamepata nafuu tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, maana zamani walisubiri pantoni pale Ndundu. Lakini mwaka ambao mto umefurika, kama ilivyokuwa Aprili 2024, safari ya kumfikisha mtoto hospitali inaweza kuwa ngumu kuliko ugonjwa wenyewe.

Sisi tulikwenda watatu, kumjulia hali mtoto wa jamaa zetu, mvulana wa miaka saba aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri. Tulichokiona kando ya kitanda chake ndicho tunachopenda kuwasimulia akina mama wenzetu, kwa sababu kila mama mwenye watoto anaweza siku moja kujikuta mahali pale.

Bibi kando ya kitanda

Aliyekuwa akimwuguza ni bibi yake. Tulipomwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni. Kaeni, ila msituharibie safari yetu." Hatukuelewa ni safari gani, tukakaa kimya kusikiliza.

"Kitendawili!" alisema bibi.

"Tega!" aliitikia mtoto kwa sauti ndogo.

Kilikuwa kile cha nyumba isiyo na mlango. Mtoto akafikiri, akaangalia juu, akasema hajui.

"Basi nipe mji."

"Nakupa Mafia."

"Mafia nimekwenda," alisema bibi. "Nimeondoka Nyamisati alfajiri, bahari shwari. Nimefika Kilindoni nimekaribishwa pweza wa nazi na wali. Nimekula nimeshiba, na mjukuu wangu sikumbakizia hata mkia. Jibu ni yai."

"Pweza hana mkia, bibi!" Mtoto alicheka, kisha akakunja uso, maana kicheko kilivuta kidonda. Bibi alikuwa tayari na kanga aliyoikunja mara nyingi ikawa kama mto mdogo. Akamwekea juu ya kidonda, akamwambia aibane taratibu kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya muda mtoto naye akatega kitendawili, na sasa ilikuwa zamu ya bibi kutoa mji. Akatoa Mbwera, na mtoto akasafiri huko, akala alichotaka na kumnyima bibi yake.

Wasomaji wa Pwani wanaufahamu mchezo huu tangu utoto. Aliyeshindwa kujibu hutoa mji, na aliyetega huuchukua, akasimulia jinsi alivyokula na kutembea huko, ndipo atoe jibu. Watu wengi huuona kuwa mchezo wa kupitisha jioni tu. Tulipomtazama mtoto yule tuliona kwamba unafaa pia kwa mgonjwa, kwa maana unamtoa kitandani na kumpeleka mbali, angalau kwa muda.

Kwa nini inasaidia

Je, huku ni kumdanganya mtoto? Sivyo. Maumivu huanzia kwenye kidonda, lakini hutambuliwa kwenye ubongo. Habari husafiri kwa mishipa ya fahamu, zikapita uti wa mgongo, ndipo zifike kichwani. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama mlango. Mlango huo unaweza kufunguka zaidi au kufungwa kidogo, na ubongo wenyewe unaweza kutuma amri ya kuufunga. Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walipima jambo hilo kwa mashine za picha. Watu waliopewa kazi ngumu ya kukumbuka walisikia maumivu kidogo zaidi, na hata kwenye uti wa mgongo dalili za maumivu zilipungua. Kwa hiyo mtoto aliyezama katika hadithi hajifanyi. Maumivu yanayomfikia yamepungua kweli.

Huko Chicago, Marekani, watoto wa miaka 9 hadi 14 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji mkubwa walipewa nusu saa ya kusikiliza muziki waliouchagua wenyewe, au hadithi zilizosomwa kwa sauti. Wengine walivalishwa vifaa vya masikioni visivyotoa sauti yoyote. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Waliosikiliza muziki au hadithi walipata nafuu, lakini waliokaa katika ukimya hawakuipata. Tukumbuke pia kuwa Daudi alipelekwa kwa mfalme Sauli ampigie kinubi ili apate kutulia. Watu wa kale walilijua jambo hili kabla ya mashine yoyote.

Mtoto aliye kimya

Hata hivyo lipo jambo la kuangalia kwa makini. Zamani katika jando, ngoma zilipigwa na nyimbo zikaimbwa kwa nguvu wakati mvulana akikatwa. Kelele zile zilimpa moyo, lakini pia zilifunika kilio chake, na aliyevumilia bila kulia ndiye aliyesifiwa. Mpaka leo watoto wetu wengi wamefundishwa hivyo. Mvulana huambiwa ajikaze kiume, msichana huambiwa asiwaaibishe wazazi mbele ya watu. Kwa hiyo mtoto anaweza kulala kimya, uso ameuelekeza ukutani, naye anaumia sana.

Hata madaktari walichelewa kulitambua hili. Kwa miaka mingi watoto wachanga walipasuliwa katika nchi nyingi wakiwa na dawa kidogo sana za kuzuia maumivu, kwa kuwa ilidhaniwa hawasikii kama wakubwa. Mwaka 1987 madaktari wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa ya kutosha wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wenzao. Maumivu yasiyotibiwa huudhoofisha mwili.

Kwa sababu hiyo hadithi na vitendawili haviwezi kushika nafasi ya dawa. Mtoto apewe dawa yake kama daktari alivyoagiza, kwa saa iliyopangwa, wala tusingoje mpaka alie. Dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo tusimwongezee kwa siri vidonge tulivyokuja navyo kutoka nyumbani. Dawa ikishaanza kufanya kazi, ndipo mchezo humsaidia mtoto zaidi.

Ili kujua hali ya mtoto asiyesema, wauguzi wengi duniani hutumia picha za nyuso sita zilizotayarishwa na wanawake wawili Wamarekani, Donna Wong na Connie Baker, mwaka 1983. Uso wa kwanza unacheka, wa mwisho unatoka machozi. Mama anaweza kuchora nyuso kama hizo kwenye karatasi na kumwambia mtoto, "Nionyeshe wewe uko wapi." Mtoto wa miaka mitatu au minne kwa kawaida anaweza kuonyesha. Mwulize kabla ya mchezo na baada yake, na umweleze muuguzi.

Maneno ya kuacha

Wapo wazazi wanaomwambia mtoto, "Haitauma hata kidogo." Ikija kuuma, mtoto hujifunza kuwa mama si wa kuaminika, na mara ya pili hogopi kidonda tu, bali humwogopa kila anayemkaribia. Wengine husema, "Ukilia, nesi atakuchoma sindano." Maneno haya tumeyasikia majumbani, ndani ya mabasi na kwenye mabenchi ya zahanati. Mtoto aliyetishwa hivyo toka udogoni atalalaje kwa amani mahali ambapo kila mara hupita mtu mwenye sindano? Hofu huongeza maumivu. Ni afadhali kumwambia kweli kwa upole: "Itauma kidogo, mwanangu. Nitakushika mkono, na tutahesabu pamoja mpaka iishe."

Nini kinamfaa mtoto gani

Mtoto mchanga hahitaji mchezo. Anahitaji kifua cha mama, kunyonya ikiwa ameruhusiwa, na sauti anayoifahamu ikimwimbia polepole.

Mtoto wa miaka miwili hadi minne hupenda kitu anachokiona kikitembea. Soksi iliyovalishwa mkononi na kuchorwa macho inaweza kuwa mgeni aliyekuja kumjulia hali. Povu la sabuni pia linafaa. Watoto wetu wamezoea kulipuliza kwa kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu katikati, na hospitalini mrija safi unatosha. Mwonyeshe kwanza kwamba ni kupuliza, si kuvuta, ili asimeze sabuni. Kupuliza polepole kuna faida nyingine. Mtoto aliyepasuliwa tumbo huogopa kuvuta pumzi ndefu, na pumzi fupi fupi zinaweza kumletea matatizo ya mapafu.

Wa miaka mitano hadi tisa ndiye wa hadithi na vitendawili. Umshirikishe, kwa maana anayefikiri jibu husahau zaidi kuliko anayesikiliza tu. Mwambie aseme sungura afanye nini, au atoe mji. Wakubwa zaidi wapewe nafasi ya kuchagua wenyewe: drafti, redio, kitabu, au nyimbo kwenye simu kwa sauti ya chini, maana wodini kuna wagonjwa wengine.

Usiku ndio wakati mgumu. Wageni wameondoka, hakuna cha kutazama, na kidonda husikika zaidi. Weka akiba ya hadithi moja ndefu kwa ajili ya saa hiyo. Baba pia asijione kuwa kazi yake ni kuleta chakula na kulipia dawa tu. Baba anayejua kusimulia habari za uvuvi ana cha kumpa mtoto wake.

Mwite muuguzi

Mchezo usikufanye uache kuangalia. Mwite muuguzi mara moja ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua siku hadi siku, mtoto ana homa, kidonda kimevimba, kina joto au kinatoa usaha, tumbo limejaa na anatapika, au mchanga amekataa kunyonya. Kama mguu au mkono umefungwa hogo, angalia vidole. Vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, vimevimba, au mtoto asema vimekufa ganzi, usingoje asubuhi. Na mtoto ambaye jana alikuwa akicheza nawe, leo hataki hata kukutazama, huenda anakuambia jambo.

Mama msomaji, siku ukiitwa kumlaza mtoto hospitali, iwe Mchukwi au kwingineko, utafunga kanga, sabuni, kikombe, chupa ya chai na fedha kidogo. Ongeza humo karatasi na kalamu, soksi moja ya zamani, na kichwani mwako vitendawili kumi. Vyote hivyo havina bei kubwa. Kama umevisahau vitendawili, mwulize bibi wa nyumbani kwenu kabla hamjaondoka, na umwombe akufundishe pia jinsi ya kusafiri katika mji uliopewa.