Udongo Mwekundu na Mweusi wa Nairobi

Msafiri atokaye Kabete kwenda Embakasi hukanyaga ardhi mbili katika mji mmoja. Kabete udongo ni mwekundu, wenye kina. Maji ya mvua huzama upesi, mboga hustawi, na shimo la maji machafu halimtaabishi mwenyewe. Embakasi udongo ni mweusi. Wakati wa masika huvimba kwa maji, na kiangazi hunywea na kupasuka nyufa. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuka na kushuka pamoja nao, hata kuta zikachanika. Methali ya kuziba ufa haifai kitu huko, maana ufa uliozibwa leo hufunguka kiangazi kijacho. Fundi mwenye ujuzi huuchimba udongo wote mpaka kwenye mwamba, akajaza moramu na kuishindilia. Gharama hiyo ni kubwa, na mnunuzi wa kiwanja hasikii habari zake ila akisha kulipa. Tena mvua ikizidi, udongo ule haunywi maji. Maji machafu hurudi juu, yakasimama uani watoto wachezapo. Mwenye bustani naye huinua matuta na kutia samadi, mizizi isioze.