Tajiri Aipende Timu, Wanachama Washike Daftari

Hapa Ujerumani kuna kanuni ya 50+1: tangu mwaka 1998 klabu inaweza kumkaribisha mwekezaji, ila kura nyingi hubaki kwa wanachama. Dietmar Hopp, mmoja wa waasisi wa kampuni ya programu za kompyuta ya SAP, aliichezea Hoffenheim ujanani, timu ya kijiji chenye wakazi elfu tatu hivi. Alipotajirika aliimwagia fedha ikiwa madaraja ya chini, hadi ikapanda ligi kuu, Bundesliga, mwaka 2008. Kwa kuwa aliifadhili zaidi ya miaka 20, mwaka 2015 aliruhusiwa kushika kura nyingi. Mashabiki wa timu nyingine walimpinga miaka nenda miaka rudi, na mwaka 2023 alikubali kuzirudisha kura hizo kwa wanachama bila kudai fidia.

Nyumbani Tanzania tuna tajiri Mohammed Dewji, aliyeipenda klabu ya Simba kabla ya kuwekeza. Mwaka 2017 alishinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20, na mgawanyo wa hisa ukawekwa: mwekezaji asilimia 49, wanachama 51. Matunda tumeyaona: robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025. Namshukuru kwa moyo wote.

Kwenye karatasi, basi, Simba na Ujerumani hawapishani sana. Tofauti iko mkutanoni. Katika klabu ndogo ya mtaani kwangu hapa Ujerumani, mweka hazina husoma mapato na matumizi mpaka bei ya mbegu za nyasi. Wakaguzi waliochaguliwa na wanachama hueleza walichokikuta vitabuni, kisha mikono inanyanyuliwa kuamua kama uongozi umetimiza wajibu. Nilimsikia bibi mmoja akihoji gharama ya taa za uwanjani. Alijibiwa kwa tarakimu, akaridhika, akaketi.

Sisi wa Simba tukifungwa na watani wetu Yanga, tunauliza tajiri yuko wapi. Dirisha la usajili likifunguliwa, tunamtazama yeye. Asilimia 51 ni yetu, lakini tunakaa klabuni kama wageni waalikwa.

Tulipe ada kwa wakati. Tuhudhurie vikao vya matawi. Kabla ya kudai mshambuliaji mpya, tudai hesabu zilizokaguliwa. Tajiri ni binadamu: anaweza kuchoka, kuyumba kibiashara au kufariki. Simba ilizaliwa mwaka 1936, kabla yake na kabla yetu. Wajibu wetu ni kuhakikisha siku akiondoka, mshahara wa wachezaji unalipwa na mazoezi yanaendelea.