Hawakufa katika Vita Moja



Wapendwa Taifa la Mungu,

Juma hili, tulipokuwa tukipanga nia za Misa katika daftari la parokia, alitujia mama mmoja mzee wa hapa Mtua, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, akatuomba Misa kwa ajili ya marehemu wake watatu: baba yake mzazi, kaka yake, na mjukuu wa dada yake. Tuliandika majina yao na, kwa kutaka kufupisha, tukaongeza pembeni kwamba wote walifariki katika vita ya Msumbiji. Alitutaka tumsomee tulichoandika. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole: "Baba Paroko, hawakufa katika vita moja. Waliowaua si wale wale. Nami nikisali niweze kusamehe, nataka kujua namsamehe nani."

Tuliufuta ule mstari mbele yake. Ametuidhinisha tuwasimulieni neno lake bila kumtaja jina, nasi twafanya hivyo tukikiri kosa letu. Kwa miaka mingi tumesimama altareni, katika maombi ya waamini, tukiiombea "vita ya Msumbiji" kana kwamba ni moto mmoja uliowaka tangu utoto wetu.

Sisi watu wa Nachingwea na Ruangwa tusingepaswa kukosea hivyo. Baba wa mama huyu alipata mafunzo katika kambi ya Frelimo hapa hapa Nachingwea, akaangukia vitani dhidi ya utawala wa Wareno. Vita ile ilianza tarehe 25 Septemba 1964 na ikasitishwa kwa mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974. Ndiyo vita ya ukombozi, na jina hilo ni lake kwa haki. Lakini hata chini ya jina hilo tukufu ulifichika ugomvi mwingine, wa ndugu kwa ndugu. Mwaka 1975, katika kambi ya Nachingwea, Uria Simango, mchungaji wa Kiprotestanti aliyepata kuwa makamu wa rais wa Frelimo, alisomeshwa hadharani maungamo ya usaliti. Baadaye aliuawa bila kuhukumiwa na mahakama. Aliyekwisha kupewa jina la msaliti hakuulizwa tena swali.

Kaka yake alikufa katika vita nyingine, ile ambayo Wamsumbiji wengi huiita vita ya miaka 16. Renamo iliasisiwa kwa msaada wa utawala wa walowezi wa Rhodesia, na baada ya mwaka 1980 ikategemezwa na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Lakini ilijilisha pia kwa manung'uniko ya wakulima waliohamishwa kwa nguvu na ya machifu waliovuliwa madaraka. Serikali iliwaita majambazi wenye silaha. Maovu yao kwa raia yalikuwa makubwa mno, wala hatuyatetei. Ila jina lile lilisema nusu tu ya ukweli, kwani jambazi hutafutwa na polisi, haalikwi mezani. Ndani ya vita hiyo kukazuka nyingine ndogo: huko Zambezia na Nampula wanakijiji waitwao Naparama walijitosa dhidi ya Renamo kwa mikuki, wakiamini kwamba dawa waliyochanjwa ingewakinga na risasi. Wajukuu wa Maji Maji hatuna haja ya kufafanuliwa imani hiyo.

Amani ilipatikana Roma tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, baada ya zaidi ya miaka miwili ya mazungumzo katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira akiwa miongoni mwa wapatanishi. Mlango ulifunguka pale "majambazi" walipoketi kwa jina lao, mkabala na serikali, nao wakaulizwa wanataka nini.

Mjukuu wa dada yake aliuawa Cabo Delgado. Hapa ndipo wengi wetu huchanganya mambo. Tangu mwaka 2013 Renamo na serikali walirudia kupigana katikati ya nchi, wakatia sahihi mapatano mapya tarehe 6 Agosti 2019. Kikundi cha Mariano Nhongo kilichojitenga na Renamo kiliyakataa, kikaendelea kushambulia katika Sofala na Manica hadi yeye alipouawa Oktoba 2021. Miaka hiyo hiyo kaskazini iliwaka vita isiyotokana na ile, iliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Wenyeji waliwaita wapiganaji wake Al-Shabaab, ingawa si wale wa Somalia. Baadaye walijiunga na kundi lijiitalo Dola ya Kiislamu. Oktoba 2020 walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu jirani wa Mtwara. Nchi moja, miaka ile ile, vita mbili: moja ikigombania mapatano na madaraka, nyingine ikichota vijana kutoka katika umaskini, mafundisho potofu na uchungu wa kuona utajiri wa rubi na gesi ukiwapita mlangoni. Mapatano ya mwaka 2019 yaliwarudisha nyumbani wapiganaji 5,221 wa Renamo, lakini hayakuzima hata bunduki moja ya Cabo Delgado.

Mtauliza: kwa mama aliyefiwa, jina la vita lina faida gani? Chozi si lile lile? Naam, chozi ni lile lile, na Kanisa huwasalia wote sala ile ile. Lakini homa nayo ni moja kwa anayeishika paji la uso la mgonjwa. Mganga asiyeuliza ni homa ya nini atatoa dawa isiyomfaa.

Katika Injili ya Marko, sura ya tano, Bwana wetu anakutana na mtu aliyeishi makaburini, akijikatakata kwa mawe. Anamwuliza jina lake, naye anajitaja kwa jina la jeshi zima, kwa sababu waliomo ndani yake ni wengi. Watu wa mji ule walikuwa wamekwisha kumfunga kwa minyororo mara nyingi. Yesu peke yake ndiye aliyemwuliza jina.

Tunayasema haya kwa sababu ya jambo tulilolisikia katika jumuiya zetu ndogondogo. Wapo wanaomwita Al-Shabaab kila jirani mwenye lafudhi ya ng'ambo, au kila kijana mwenye kanzu na ndevu. Yule mama mwenyewe ameitwa hivyo kisimani, yeye ambaye Al-Shabaab hao wamemwulia mjukuu. Waislamu na Wakristo wamezikwa pamoja Cabo Delgado. Anayempachika jirani yake jina la wauaji amevusha vita ile hadi Mtua bila bunduki.

Dominika ijayo tutawaombea marehemu wale watatu, kila mmoja kwa jina lake na kwa vita yake. Nanyi wenye marehemu wa namna hiyo, leteni majina yao ofisini. Tutayaandika bila kufupisha. Na yule mama ametuomba tumsaidie kusali, kwani anasema amekwisha kumsamehe mmoja kati ya wale watatu waliowaua ndugu zake, na wawili bado.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Wenu katika Kristu,
Paroko