Mgeni na Jembe Katika Nchi ya Nyeri

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Thika na Sagana, akiisha kupita Karatina, huona Mlima Kenya upande wake wa kulia na safu ya Nyandarua upande wa kushoto. Mji wa Nyeri umekaa kati ya milima hiyo, penye baridi na ukungu mwezi wa Julai. Kandokando ya njia ni migomba na mikahawa, na juu zaidi ni chai. Lakini akitazama vema ataona jambo jingine: hapa na pale nyumba zimesongamana mahali padogo, hali mashamba yaliyozizunguka yana nafasi. Hivyo ni vijiji vya tangu siku za Hali ya Hatari, na habari zake zafaa kukumbukwa.

Zamani Wakikuyu hawakukaa vijijini. Kila mzee alikuwa na boma lake juu ya mgongo wa kilima, naye alikuwa na thingira yake mwenyewe. Kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala yake na mafiga yake matatu. Kijana akiisha kutahiriwa hakulala tena katika nyumba ya mama yake. Hivyo heshima ya jamaa ililindwa kwa nafasi.

Tangu mwanzo wa karne iliyopita watu wengi waliondoka wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu huko Naivasha, Nakuru na Molo. Walizaa watoto huko, na wengi wa watoto hao hawakupata kuiona Nyeri kwa macho yao. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, haukupita muda mrefu ila makumi ya maelfu yao waliondolewa kwa magari ya moshi na malori. Wengi walipitia kambi za Nakuru, Gilgil na Thika, wakaambiwa kwamba wanarudishwa kwao. Lakini huko kwao kulikuwa kwa ami na binamu waliowajua kwa majina tu.

Kisha mwezi wa Juni, 1954, serikali iliamua kuwakusanya watu vijijini, na zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru wakahamishwa. Vijiji vilizungushiwa handaki, na saa za kutoka na kuingia zikawekwa. Basi ami aliyekwisha kuvunjiwa boma lake aliwapokea wageni katika kibanda kimoja. Mkwe na mkaza mwana, ambao desturi iliwatenga, walisikizana pumzi usiku. Figa moja lilingojewa na wapishi wawili au watatu, na kuni zilikuwa haba kwa kuwa saa za kuzitafuta zilikuwa chache. Watoto wa Bonde la Ufa, waliozoea posho na maziwa, walijifunza kula magimbi na viazi vitamu, na kunyamaza chakula kisipotosha.

Katika msongamano kama huo, adabu ndogo ndiyo huzuia ugomvi mkubwa. Mgeni mwenye busara huamka kwanza akateka maji, hafungui chungu kisicho chake, wala hasifu kila siku mahali alipotoka. Naye mwenyeji mwema hahesabu matonge ya mgeni.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ole wao, jembe lilikuwapo, shamba ndilo lililokosekana! Katika miaka hiyo hiyo vipande vya ardhi vilikusanywa na kupimwa, na kila mwenye haki akaandikiwa shamba lake. Aliyekuwa na shamba alikihama kijiji akajenga juu ya ardhi yake. Mtu ambaye baba yake aliondoka zamani, au aliyekuwa mhoi tu katika ardhi ya wengine, alibaki pale pale. Baada ya mwaka 1960, Hali ya Hatari ilipokwisha, wengine walivuka kwenda Nanyuki na Laikipia, na wengine wakapata mashamba ya makazi mapya upande wa Nyandarua. Lakini si wote waliopata.

Hiyo ndiyo sababu vijiji vingine vipo hata leo. Basi msafiri apitaye asidhani kwamba wakaao humo hupenda kubanana. Wengi wao ni wajukuu wa wageni wale waliopewa jembe bila shamba.