Sauti Zilizonyamaza Kabatini

Katika kabati la mama yangu huko Turbo mna diski sita za video zilizochomwa kwa kompyuta mwaka 2006. Humo nyanya yangu, ambaye sasa ni marehemu, anatamba ngano na kuimba nyimbo za harusi. Nilipozihitaji kwa utafiti wa tasnifu, mashine ya dividii haikuisoma hata moja. Nilishauriwa nizitupe.

Yafaa mtafiti asikate tamaa upesi. Kwanza, diski hupanguswa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu mfululizo mrefu wa data. Pili, ijaribiwe katika kompyuta: diski ambayo haikufungwa baada ya kurekodiwa aghalabu hukataliwa na mashine za sebuleni, ilhali kompyuta huweza kuisoma. Tatu, ieleweke kwamba leza huandika kwa kubadilisha rangi iliyo ndani ya diski. Jua na joto huififisha rangi hiyo, na ikishafifia haina tiba.

Kwa njia hizo diski nne zimesema. Mbili zimenyamaza, na mojawapo, kama jalada lisemavyo, ina wimbo wa kumuaga bibi harusi ambao hakuna aliyebaki nyumbani aujuaye hadi mwisho.

Twafundishwa kuwa fasihi simulizi huishi kwa kusimuliwa upya. Diski nayo huishi kwa kunakiliwa upya. Wenzangu mlio na sauti za wazee makabatini, zinakilini kabla hazijafifia.