Injini Kwanza, Tabo Baadaye

Ukitaka kujua watu wanavyothamini nguvu za injini, kaa Isaka siku mbili. Makontena yanashuka kwenye treni pale bandari kavu, yanapandishwa kwenye malori, yanaondoka kwenda Rwanda na kwingineko. Katikati ya malori hayo inapita mikonga, zile Land Cruiser ngumu zinazoelekea Kahama na vijiji vya machimbo. Zinabeba wachimbaji, magunia ya mpunga, wagonjwa, na siku nyingine mgonjwa na mbuzi kwa pamoja.

Baba yangu mdogo ana moja. Injini yake ni 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo. Ni injini ya subira. Haina mbio, ila inafika. Lakini wateja wa ukanda wa dhahabu hawataki tu kufika, wanataka kufika kabla ya jirani. Kuna mtu alimwahidi kulikodi gari miezi sita, mradi livute mzigo mlimani bila kulia. Basi bamdogo akauza ng'ombe wanne waliowekwa kwa ajili ya mahari ya mwanawe, akanunua tabo ya mtumba, akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe umesoma. Kuna ubaya hapo?"

Nilichosomea ni uandishi wa habari. Nikafanya tulichofundishwa: nikamtafuta anayejua, nikauliza, nikanyamaza.

Anayejua ni fundi mmoja mzee, gereji yake ni kivuli cha mwarobaini. Aliishika ile tabo, akaizungusha kwa kidole, akasikiliza. "Hii nzima," alisema. "Sasa tuulize kama injini nayo ni nzima."

Tabo, msomaji, haileti nguvu za miujiza. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini uzungushe gurudumu, gurudumu hilo lizungushe lingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, unaweza kuongeza dizeli, na nguvu zinazidi. Joto nalo linazidi. Pistoni ni za mchanganyiko wa alumini, na alumini safi inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 tu. Toyota wenyewe walipotengeneza 1HD-T, ndugu wa 1HZ mwenye tabo ya kiwandani, hawakubandika tabo wakaondoka. Walibadili namna dizeli inavyopulizwa na kuchomwa, wakapunguza na mgandamizo. Anayefunga tabo kwenye 1HZ anaiomba injini kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Inawezekana, wengi wamefanya, lakini kwa adabu.

Adabu hiyo fundi aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa gari. Pima mgandamizo wa kila silinda. Safisha rejeta. Nozeli zipelekwe kupimwa. Ekzosi iwe pana, moshi utoke bila kubanwa. Bomba la oili ya tabo liwe safi, maana tabo ikikosa oili hata kidogo, imekufa. Kiwepo kipimo cha joto la moshi pale dereva anapokiona. Na msukumo uwe mdogo, nusu ya baa hivi.

"Bana, orodha hii inazidi bei ya tabo yenyewe," bamdogo alisema.

"Ndiyo maana wengi huwa hawaiandiki," fundi akajibu.

Walianza na mgandamizo. Silinda tano zilikaribiana. Ya nne ilikuwa chini sana, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ulikuwa unapumua pale. Ringi zimechoka. Ukiisukumia hewa ya tabo silinda kama hiyo, unaiongezea mzigo pale pale ilipo dhaifu.

Bamdogo alikaa kwenye tairi bovu muda mrefu. Mwenye kukodi alikuwa anasubiri jibu wiki hiyo hiyo. Mwanawe alikuwa anasubiri ng'ombe. Sikuwa na la kumwambia ambalo chaki haikuwa imesema. Mwishowe akauliza ringi ni shilingi ngapi.

Nilituma nusu ya pesa, nyingine akakopa kwenye kikundi. Injini ilishushwa, ikafunguliwa, ikakaa wazi wiki tatu. Kazi ya miezi sita ilienda kwa mwenye gari lingine. Iliuma, na bado inauma akiliona likipita.

Jirani na hapo wanajenga reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 2021. Kinachoonekana kwanza kwenye kazi kama hiyo ni udongo: unamwagwa, unashindiliwa, unamwagwa tena. Hakuna anayepiga picha na udongo. Lakini treni itakayopita juu yake itautegemea kila siku.

Mkonga sasa unawaka asubuhi kwa mara moja. Tabo iko kwenye boksi chini ya kitanda, imefungwa na kitambaa isiingie vumbi. Mwezi uliopita bamdogo alinunua kipimo cha joto la moshi. Alinitumia picha yake bila maneno, nami nikaelewa amefika mstari gani wa ile chaki.