Foni Yetu na Kopo la Mafuta

Mwaka 1978 nilitunza foni ya misioni yetu. Kwa foni hiyo tuliita mjini kuomba dawa na gari la wagonjwa. Jioni moja mama mmoja alishindwa kuzaa. Niliita saa nzima, wa mjini wasitusikie. Tukambeba kwa tipoyi usiku kucha. Mama alipona, Mungu asifiwe, mtoto hakupona.

Padri aliniuliza: «Mwanangu, foni ina nguvu?» Nikajibu: «Ndiyo, Bwana Padri, vati 50, kama kitabu chake kinavyosema. Wenye chombo kibovu ni wale wa mjini.» Maana nilikuwa na kipimo nilichokitengeneza kwa mikono yangu, nami nilijivuna nacho.

Kilikuwa hivi. Rezistansi 20 za kaboni, kila moja omu 1000, nilizifunga bega kwa bega, zikawa omu 50, nikazitia katika kopo la mafuta zisiungue. Kopo hilo hupokea nguvu badala ya antena. Juu yake diodi, kondansa, na mita ya volti. Mita ilisema 50. Nikazidisha 50 kwa 50, nikagawanya kwa omu 50: vati 50. Hesabu safi kabisa!

Lakini jibu lile lilininyima usingizi. Siku ya tatu nikaazima kipimajoto cha shule. Foni ikapasha kopo dakika kumi, pasipo mtu kusema: joto likapanda kutoka 24 hadi 38. Nikangoja lipoe mpaka 24 tena, kisha nikalipasha kwa batri tatu za lori zilizofungwa mfululizo, volti 36. Dakika kumi: 38 vile vile. Basi, volti 36 za batri katika omu 50 ni vati 26.

Ndipo nikafahamu. Umeme wa redio hupanda na kushuka. Kondansa hushika kilele tu, na mita husoma kilele. Kwa hiyo ilinipasa kugawanya kwa 100, si kwa 50. Diodi nayo hula zaidi ya nusu volti: kwa foni yetu ni kitu kidogo, kwa foni ya vati moja ni wizi.

Lampa ya mwisho ya foni ilikuwa imechoka. Kama lampa mpya ingetufikisha mjini jioni ile, siwezi kuapa. Nusu ya nguvu mara nyingi husikika bado. Nilikwenda kwa Padri nikamwambia yote, kisha kwa foni nikawaomba radhi wale wa mjini. Juu ya kopo nikaandika kwa rangi nyekundu: GAWANYA KWA 100.